Mwenyeji Ni Nani? Neno Moja na Vipimo Vyake

Mtu aliyezaliwa Nakuru kwa wazazi waliotoka Vihiga huulizwa swali moja tangu utotoni hadi uzeeni: "Wewe ni mwenyeji wa wapi?" Mimi ni mmoja wa watu hao, na nimejifunza kwamba jibu hutegemea anayeuliza na mahali tuliposimama. Nikiwa stejini, makanga akitaka kujua kama naifahamu njia ya kwenda Bondeni, nasema mimi ni mwenyeji, naye huacha kunielekeza. Nikiwa matangani huko Magharibi mwa Kenya, mzee akiniuliza swali lilo hilo, anachotaka ni jina la ukoo na kijiji cha babu yangu, na nikimjibu "Nakuru" yeye hutikisa kichwa kwa upole na kuuliza tena, kana kwamba sikumsikia vizuri. Nilipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, karani wa ofisi moja alinirudisha mara mbili kwa sababu nilijaza lokesheni ya mtaa nilikozaliwa mahali ambapo yeye alitaka ile ya "kwenu". Mara ya tatu niliandika lokesheni ambayo nilikuwa nimelala kwa jumla ya siku zisizofika 40, na fomu ikapita.

Kwa miaka mingi nilidhani tatizo ni watu. Siku hizi naona kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko huu imo ndani ya neno lenyewe, kwa maana "mwenyeji" limebeba vipimo kadhaa kwa pamoja, na kila muulizaji huja na kipimo chake bila kukitaja. Ndiyo maana inafaa kulifungua.

Neno hili limeungwa kutokana na "mwenye" na "mji", kama vile "mwenyekiti" lilivyoungwa kutokana na "mwenye" na "kiti", ila sauti ya katikati imemezwa zamani hata wasemaji wengi hawauoni tena mshono. Mwenyeji, basi, ni mwenye mji. Lakini "-enye" ya Kiswahili haimaanishi umiliki peke yake. Tukisema mwenye duka tunataja mali, tukisema mwenye hekima tunataja sifa, tukisema mwenye njaa tunataja hali iliyompata mtu ambayo angefurahi kuachana nayo. Kwa hiyo anayeitwa mwenye mji huenda ana mji kama mtu alivyo na shamba, au kama mtu alivyo na lafudhi, yaani kitu kilichomwingia kwa kukaa. Neno halikuamua ni lipi kati ya hayo, na kutoamua huko ndiko kulikolipa uhai wake wote, na pia hatari yake.

Njia nzuri ya kuona maana zake ni kutazama kinacholifuata. Likifuatwa na mtu au shughuli, linataja anayepokea: "mwenyeji wangu alinipikia samaki" ni sentensi kuhusu ukarimu, na Kisumu ilikuwa mwenyeji wa kongamano la Africities mnamo Mei 2022 kwa maana hiyo hiyo, kama vile timu mwenyeji ilivyo ile ambayo wapinzani wameifuata uwanjani kwake. Wanasayansi nao wamelichukua hapo hapo. Konokono wa ufuoni mwa Ziwa Victoria huitwa mwenyeji wa kati wa vijidudu vya kichocho, kwa sababu vijidudu hivyo hukaa na kukua ndani yake kabla ya kumwingia binadamu anayekanyaga maji. Likifuatwa na jina la mahali, linataja mkazi au mzaliwa, na hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwani mkazi na mzaliwa ni watu wawili tofauti na neno haliwatenganishi. Likisimama peke yake baada ya kitenzi "kuwa", hasa katika wakati uliotimia, linataja uzoefu: "Usijali, nimeshakuwa mwenyeji." Kijana aliyehamia Kondele juzi akiwa hajui njia za ndani, baada ya miezi sita huyasema maneno hayo bila haya, na hakuna atakayemwambia kwamba amedanganya.

Nasisitiza matumizi haya ya tatu kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa kila tunapobishana. Katika Kiswahili cha kila siku, uenyeji ni kitu ambacho mtu hukifikia. Husemwa "ameshakuwa mwenyeji" kwa urahisi ule ule tunaosema "ameshakuwa mkubwa". Methali zetu zinakubaliana na sarufi hii. Tunasema mgeni ni kuku mweupe, maana yake huonekana upesi akiwa kati ya wenzake na macho yote humwangukia. Kisha tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ya pili hufundishwa shuleni kama onyo kwa wageni wavivu, na onyo limo kweli, lakini mimi huisoma pia kama maelezo ya jinsi mtu anavyovuka mpaka. Jembe ni kifaa cha mwenye shamba. Anayekabidhiwa jembe ameacha kulishwa na ameanza kulisha, na ardhi inayolimwa kwa mkono wake inaanza kumjua. Methali haikusema siku ya tatu mwulize babu yake alizikwa wapi.

Kutokana na "mwenyeji" tumepata "kienyeji", kwa kutumia ki- ile ya namna tunayoiona katika kifalme na kitoto. Kienyeji ni namna ya wenyeji. Hili ndilo tawi la neno lenye mafundisho mengi zaidi, na mahali pazuri pa kulisoma ni soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili. Hapo mboga za kienyeji hupangwa upande wake: saga, ambayo vitabu huiita mgagani na Wajaluo dek, managu, yaani mnavu, ambao kwao ni osuga, mrenda, ambao ni apoth kwao na murere kwa Waluhya, kunde, mito, terere. Kando yake kuna sukuma wiki, imefungwa mafungu mafungu, na hakuna anayeiita ya kienyeji ingawa hakuna nyumba hapa ambayo haikuipika wiki hii.

Jumapili moja nilichuchumaa mbele ya mama mmoja aliyekuwa akichambua saga, akikwanyua majani kwa kidole gumba na kuviacha vikonyo vianguke kwenye gunia, nikamwuliza: "Mama, kwa nini sukuma isiwe ya kienyeji? Si imekuwa hapa tangu hatujazaliwa?" Hakuinua macho. "Mwanangu, hiyo mbegu unanunua dukani kwa paketi. Hii ya kienyeji hununui. Inajiotea, ama unaomba kwa jirani."

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu kwa sababu ni sahihi kuliko nilivyotarajia. Elimu ya asili ya mimea ingetuambia kwamba sukuma si ya hapa kwa kuwa jamii yake ya kabichi ilitoka maeneo ya bahari ya Mediterania. Lakini tukifuata asili, karibu sahani nzima itaondoka mezani. Mahindi yalitoka Meksiko, na jina tunaloyaita linaonyesha kwamba mababu waliyahusisha na Uhindi. Maharage, muhogo, viazi vitamu na njugu karanga vyote vilivuka Atlantiki kutoka Amerika katika karne hizi chache zilizopita. Wimbi na mtama ndivyo vya Afrika tangu mwanzo. Kuku naye, anayesifiwa katika kila nyumba ya Magharibi kwa jina la ingokho na kuwekewa heshima ya mgeni, ukoo wake umetoka kwa ndege wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Hata hivyo kuku wa kienyeji ni wa kienyeji, na mkulima wa Nyanza anayepanda nyamula, yale mahindi ya manjano ambayo mbegu yake hutundikwa juu ya moshi wa jikoni hadi msimu ujao, huyaita ya kienyeji bila kusita, huku jirani yake aliyenunua mbegu chotara akiwa na mahindi "ya kisasa". Mmea ni ule ule, bara lilikotoka ni lile lile. Kinachotofautisha ni kwamba mmoja huendelea kuzaa hapa kwa nguvu zake na kwa mikono ya watu wa hapa, na mwingine lazima uletwe upya kila mwaka.

Kipimo cha yule mama kinatatua hata mambo aliyokuwa hayawazi. Huko Naivasha, katika kaunti hii yetu ya Nakuru, watafiti wa taasisi ya serikali ya kilimo walizalisha kuku anayejulikana kama kienyeji aliyeboreshwa. Anakua haraka na kutaga mayai mengi kuliko yule wa kawaida, na amewainua wafugaji wengi. Lakini ari ya kuatamia imepungua sana ndani yake, kwa hiyo mfugaji hutegemea mashine ya kuangulia au hununua vifaranga. Wafugaji wenyewe wanaiona tofauti hii, ndiyo maana huwasikii wakimwita kienyeji tu. Husema "zile za kuboreshwa", na hukasirika mteja akiuziwa hao kwa bei ya wale.

Je, inatosha basi kuzaa na kuenea bila kuletwa upya? Ziwa linatujibu kwamba haitoshi. Gugumaji, mmea wa bonde la Amazon, ulifika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, na katika kuzaana haukuhitaji msaada wa mtu yeyote. Ulifunika Ghuba ya Winam hata mashua zikashindwa kutoka, na miaka kadhaa baadaye ilibidi waletwe fukusi wanaoula huko ulikotoka. Zaidi ya miaka 30 imepita na sijamsikia mvuvi wa Dunga akiuita mmea wa kienyeji, wala sidhani atauita hivyo wajukuu wake wakizeeka. Umekaa bila kuwaachia wengine nafasi ya kukaa. Mbuta, samaki ambaye Tanzania huitwa sangara, yuko katikati. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu hata aina nyingi za samaki hao wadogo zikatoweka, ilhali biashara ya minofu yake ililipa karo za watoto kote ufuoni. Watu humtaja kwa hisia mbili, na sioni kosa katika hilo. La kushangaza zaidi ni ngege. Ngege wa asili wa ziwa hili amekuwa adimu mno majini humo, na samaki anayekaangwa leo katika vibanda vya ufuoni kwa jina hilo kwa kawaida ni ndugu yake wa mto Naili, nyamami, ambaye naye aliletwa katika miaka ya 1950. Mgeni amerithi jina la mwenyeji, na wateja wengi wameridhika.

Tawi hili la "kienyeji" lina jeraha, na sitaki kulipita. Neno hilo hilo tunalolisifu sokoni tunalitumia kama tusi mtaani. Fundi akiharibu kazi husemwa ameifanya kienyeji, na msichana aliyetoka mashambani huitwa kienyeji na wenzake kwa kuvaa au kusema kama alivyolelewa. Sioni chanzo kingine cha aibu hii kuliko utawala wa kikoloni, ambao uligawa watu kwa sheria, ukawaita wenye nchi kwa jina la wenyeji na kulifanya jina hilo kuwa tabaka la chini kabisa. Mwenyeji katika maana hiyo alikuwa mtu wa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni na kukaa katika eneo alilotengewa. Kakamega ina kumbukumbu chungu ya uthabiti wa maeneo hayo: mwaka 1930 ilipitishwa sheria ya kuwahakikishia wenyeji ardhi ya hifadhi zao, dhahabu ikagunduliwa Kakamega mwaka 1931, na mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili wachimbaji waingie. Wenye mji waliambiwa mji ni wao, ila tu hadi kitu cha thamani kitakapopatikana chini yake.

Si neno hili peke yake lililobeba mizani ya namna hiyo. Pwani, neno "ustaarabu" lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuingia katika Uarabu, kuwa Mwarabu kwa mwenendo bila kuzaliwa hivyo, na katika nasaba za Waarabu wenyewe kuna kundi linaloitwa kwa jina la mzizi huo, wale waliokuja kuwa Waarabu baadaye. Leo tunamsifu mtu kuwa mstaarabu bila kukumbuka kwamba neno lilianza kama jina la safari ya kuwa wa kwingine. Nalitaja kwa kupita tu, lakini linafaa kuwekwa kando ya "kienyeji": mojawapo lilimpandisha mtu aliyejifananisha na wengine, jingine likamshusha aliyebaki kuwa wa kwao.

Lugha za majirani huku Magharibi zilikata jambo hili kwa kisu kingine, na tofauti yake na Kiswahili inaeleza mengi. Kwa Kijaluo, mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake huitwa jadak, wakiwa wengi jodak, kutokana na kitenzi "dak", kuishi. Kwa Kiluhya huitwa omumenya, kutokana na "menya", ambacho pia ni kuishi. Katika lugha zote mbili, kwa hiyo, mkaaji ndiye asiye mwenyewe. Kuishi tu hakumpi mtu mahali, na kinyume chake kwa Kijaluo ni wuon lowo, mwenye ardhi. Jodak walipewa mashamba, walioa, walizikana na wenyeji wao, na baadhi ya vizazi vyao vikasahaulika kuwa vya jodak, lakini neno lilibaki likingoja siku ya ugomvi wa mpaka. Ndiyo maana yule mzee wa matangani hanielewi ninapomjibu "Nakuru". Anasikia nikimwambia mahali ninapo-menya, wakati yeye ameuliza mahali nilipo na haki.

Hata hivyo mila hizo hizo zina mlango wa kuanzisha mahali papya. Mjaluo anayetoka katika boma la baba yake kwenda kujenga lake huenda alfajiri pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, jogoo mkononi, shoka likibebwa na mtoto huyo, moto ukibebwa vilevile, na usiku wa kwanza hulala hapo hata kama kuta bado ni mbichi. Kuanzia siku hiyo pale huitwa dala, nyumbani, tofauti na ot, nyumba ya kulala tu. Mtu anaweza kuwa na ot tano mjini asiwe na dala hata moja.

Tofauti hiyo ya maneno mawili mafupi ilifika mahakamani mwaka 1987, katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Alikuwa amefariki Desemba 1986, alikuwa na nyumba Nairobi na shamba upande wa Ngong, na mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika huko. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Swali la kisheria lilikuwa ndilo swali letu: je, mtu aliyesoma, akaoa na kuishi maisha yake mjini anaweza kuwa mwenyeji wa huko? Mahakama ilijibu kwamba hakuna njia ya Mkenya Mwafrika kujivua uhusiano wake na kabila la baba yake ikiwa mila zake hufuata ukoo wa baba. Alizikwa Nyalgunga Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Ninaheshimu uchungu wa pande zote mbili, lakini naona jibu hilo lilikuwa gumu kuliko mila yenyewe, ambayo, kama nilivyoonyesha, imempa mtu jogoo, shoka na moto kwa ajili ya kuanza upya.

Sheria ya uraia ndiyo kipimo kingine, na watu wengi huichanganya na vipimo hivyo vya awali. Katiba ya 2010 inatambua njia mbili za kuwa raia wa Kenya: kuzaliwa na kuandikishwa. Wengi hudhani kwamba raia wa kuzaliwa ni aliyezaliwa ndani ya Kenya. Sivyo. Ni yule ambaye siku alipozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kisumu au London. Mtoto wa wageni aliyezaliwa Nakuru hapati uraia kwa sababu ya hospitali alimozaliwa. Ila kuna kifungu kimoja ninachokipenda sana: mtoto anayepatikana nchini akionekana kuwa chini ya miaka 8, wazazi na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Yule asiye na ukoo wowote wa kutaja hupokewa kupitia mlango wa mbele kabisa.

Wa kuandikishwa kwa kawaida ni aliyefunga ndoa na Mkenya kwa angalau miaka 7, au aliyeishi nchini kihalali kwa mfululizo kwa angalau miaka 7 na kutimiza masharti mengine. Ndugu zetu wa Tanzania huita njia yao inayolingana na hii uraia wa tajnisi, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na "jinsi" na "jinsia", kana kwamba mtu ametiwa katika jinsi mpya. Ni neno zuri, na nasikitika kwamba huku Kenya halijashika. Uraia wa kuandikishwa unaweza kufutwa kwa sababu kadhaa, na mwenye nao hawezi kugombea urais. Kwa hiyo hata sheria, inayomfungulia mtu mlango, huweka alama ndogo mahali alipoingilia.

Na kuna waliokaa mlangoni vizazi vizima. Reli ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901, ikiwa imejengwa na vibarua waliotoka Uhindi, zaidi ya 30,000 kwa jumla. Wengi walirudi kwao, lakini baadhi walibaki, na Wahindi wengine wakalima miwa na pamba Kibos. Wajukuu na vitukuu vyao husema Kijaluo cha sokoni vizuri kuniliko. Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi mnamo Julai 2017, baada ya Wamakonde waliotokea Msumbiji kutambuliwa kuwa ya 43. Washona, waliokuja kutoka Zimbabwe kueneza injili katika miaka ya 1960, walisubiri uraia hadi Desemba 2020. Wanubi, ambao mababu zao waliletwa na jeshi la Waingereza na ambao wengine wameishi hapo hapo Kibos, walilazimika kwenda mbele ya kamati ya Afrika ya haki za watoto, iliyoamua mnamo Machi 2011 kwamba Kenya imekiuka haki ya watoto wao ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Mtoto huzaliwa, hutambaa, huenda shule, na hadi afike miaka 18 hajui kama atakubaliwa kuwa wa mahali pekee anapopajua.

Nimeacha Nakuru mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma. Jina lenyewe la mji linatoka katika Kimaasai, na Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe katika bonde hili waliondolewa kwa mkataba wa 1904, mwaka huo huo Nakuru ilipofanywa mji rasmi. Baada yao wakaja walowezi, na pamoja na walowezi maskwota wa mashambani, vibarua wa reli, wachuuzi, walimu, watu wa kila lugha ya nchi hii. Hakuna kundi linaloweza kusema hapa kwamba halikufika. Hata hivyo mwaka 1992, tena 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lilisikika neno "wenyeji" likisemwa kwa sauti ambayo halikuumbiwa. Wengine wakaitwa madoadoa, wengine kwekwe, na mwaka 2022 tume ya uwiano wa kitaifa ikayaweka maneno hayo katika orodha ya lugha ya chuki. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini katika ghasia za 2007 na 2008. Tazama kilicholipata neno katika matumizi hayo. "Mwenyeji" huishi kwa kuwa kuna mgeni wa kupokelewa, na ndiyo maana tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone: anayepona ni mwenyeji. Mwenye mji anayemfukuza kila aliyebisha amebaki na "mwenye", na mji ameupoteza.

Siku ile nilipoondoka Kibuye, yule mama alinifungia mbegu za saga katika kipande cha gazeti, zikiwa nyeusi na ndogo kama chembe za baruti, akakataa pesa. Nilizimwaga nyuma ya nyumba yetu huku Nakuru, kwenye udongo huu mwepesi wa majivu ya volkano unaopeperuka ukiukanyaga. Mwaka wa kwanza nilizipalilia kwa mikono. Mwaka huu sikupanda kitu. Mvua ya Aprili iliponyesha saga iliota yenyewe kandokando ya ukuta, katika nyufa za sementi na hata upande wa pili wa ua, na jirani yangu, mama wa Kikalenjin ambaye huiita saget, alinipigia hodi akiniomba mbegu.